Alama 97 na Bado Haisomeki

Kabla hatujaenda mbali, fanya jaribio dogo. Chukua sentensi hii: "Pole sana, wale watoto wake wako pale." Isome kwa sauti, ila jifanye hujui Kiswahili hata kidogo, unajua Kiingereza tu. "Pole" inakuwa "poul". "Wale" inakuwa "weil", "wake" inakuwa "weik" na "pale" inakuwa "peil". Ukimsomea mama hivyo kwenye simu, atakata akidhani ni matapeli.

Sasa fikiria kwamba hivyo ndivyo unavyosomewa kila tangazo la kazi, kila orodha ya majina na kila habari ya Kiswahili mtandaoni, na huna namna nyingine ya kuisoma kwa sababu huoni.

Makala hii ni ya kulaumu, niseme mapema. Ila simlaumu mtu mmoja aliyetengeneza tovuti moja. Ninailaumu tabia: kupima tovuti kwa mashine, kuona duara la kijani, kisha kutangaza kwamba kila mtu anaweza kuitumia.

"Kaka, njoo unisomee"

Nina rafiki, mwanafunzi mwenzangu wa uzamili, ambaye haoni tangu utotoni. Ameniruhusu nisimulie kisa hiki bila kumtaja jina. Kwenye simu anatumia TalkBack, kisoma skrini kinachokuja na simu za Android. Kwenye laptopu anatumia NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006. Kasi anayosikilizia ni kubwa, mimi nikisikiliza naye siambulii kitu. Yeye anasikia kila neno, anaandika tasnifu yake, maisha yanaenda.

Mwaka jana kulitoka nafasi za ufadhili kwenye tovuti ya taasisi ambayo sitaitaja. Tangazo lilikuwa la Kiswahili, na fomu ilijazwa mtandaoni. Saa mbili usiku akanipigia: "Kaka, njoo unisomee. Hii tovuti inaongea kama mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege leo asubuhi."

Nikaenda. Nikakuta matatizo matatu.

La kwanza ni hiyo sauti. Tangazo lote la Kiswahili lilikuwa linasomwa kwa matamshi ya Kiingereza. La pili, orodha ya viambatisho ilikuwa picha. Mtu aliprinti barua, akaigonga muhuri, akaiskani, akaipandisha. Kisoma skrini kilipofika hapo kilisema "tangazo moja", basi. La tatu, fomu ilikuwa inajifunga yenyewe baada ya muda fulani, bila kuonya. Mtu anayeona anapitisha macho na kujua visanduku viko vingapi. Anayesikiliza lazima apite kimoja kimoja, arudi, asikilize tena. Fomu ilimfungia mara mbili na kufuta kila alichoandika.

Tulimaliza kwa njia ambayo wengi tunaijua. Alinitajia neno lake la siri, namba yake ya kitambulisho na kipato cha wazazi wake, mimi nikajaza. Mimi ni rafiki yake, sawa. Lakini wangapi walifanya hayo steshenari, mbele ya foleni, kwa kijana wasiyemjua? Mtu mwenye shahada, anayejua kutumia kompyuta kuliko wengi wetu, analazimika kutaja kipato cha baba yake kwa sauti ili mtu mwingine akiandike.

Niliporudi chumbani nikaipima ile tovuti kwa Lighthouse, chombo cha bure kilichomo ndani ya kivinjari cha Chrome. Kwenye kipengele cha ufivivu ningesema ilichemka? Hapana. Ilipata 97 kati ya 100. Kijani kabisa.

Nikakaa nikaitazama hiyo 97. Matatizo yote matatu yalikuwepo palepale, na mashine haikuona hata moja.

Kiwango kinasema nini hasa

Ufikivu wa tovuti ni uwezo wa mtu yeyote, mwenye ulemavu au asiye nao, kuifikia tovuti na kuitumia mwenyewe. Una kiwango cha kimataifa kinachojulikana kwa kifupi WCAG. Kinatolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti lililoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994. Toleo la kwanza lilitoka 1999, la pili 2008, na la sasa, 2.2, lilitoka Oktoba 2023. Kwa hiyo si jambo jipya. Wengi wanaosoma makala hii walizaliwa kiwango hiki kikiwa tayari kipo, au kikiwa njiani.

Masharti yake yamepangwa kwa ngazi tatu: A, AA na AAA. Usidanganyike na mazoea ya shule: hapa A ndiyo ngazi ya chini, yaani msingi. Ukiikosa A bado hujajenga nyumba, unajadili rangi ya mapazia.

Yale matatizo matatu yote yanagusa ngazi A. Sharti 3.1.1 linataka lugha ya ukurasa itajwe kwa namna ambayo programu inaweza kuitambua. Sharti 1.1.1 linataka kila picha yenye ujumbe iwe na maandishi yanayobeba ujumbe uleule. Sharti 2.2.1 linataka mtu aweze kuuzima muda wa kujaza, kuurekebisha, au kuonywa na kuongezewa kabla haujaisha. Kwenye njia hiyo ya kuonywa, apewe angalau sekunde 20 za kubonyeza kitu rahisi, na aweze kuongeza hivyo angalau mara kumi.

Ngoja tukae kidogo kwenye lile la lugha, maana ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa Kiswahili.

Kila ukurasa wa wavuti unaanza na mstari unaojitambulisha. Ndani yake kuna sifa inaitwa lang. Ukiandika lang="sw" umesema ukurasa huu ni wa Kiswahili. Ukiandika lang="en" umesema ni wa Kiingereza. Msomaji anayeona haoni mstari huo kamwe. Kisoma skrini kinauona, na kinaweza kuutumia kuchagua sauti na kanuni za matamshi.

Kanuni zinatofautiana sana. Kiswahili kina irabu tano, kila moja ina sauti yake, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kina e ya mwisho isiyotamkwa, kina i inayogeuka "ai", na hakijazoea neno kuanza na "mt" wala "mbw". Hata tarakimu zinageuka: mwaka 2025 kwenye sentensi ya Kiswahili unatamkwa kwa Kiingereza. Sauti ya Kiswahili ipo. eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja na NVDA, inakifahamu Kiswahili, na NVDA ina mpangilio wa kubadili lugha yenyewe inapokuta sifa ya lang. Yaani kila kitu kiko tayari upande wa msikilizaji. Kinachokosekana ni herufi mbili upande wetu.

Kwa anayesoma kwa nukta nundu hali inaweza kuwa mbaya vilevile. Nukta nundu ya Kiingereza ina vifupisho vyake, ambapo alama moja husimama badala ya herufi kadhaa. Kifaa kikiamini maandishi ni ya Kiingereza, kinaweza kuyafupisha maneno ya Kiswahili kwa vifupisho visivyo vyake.

Mashine ilikuwa inaangalia nini

Nilifungua msimbo wa ile tovuti. Mstari wa kwanza ulisema lang="en".

Hapo ndipo nilipoelewa ile 97. Chombo kiliuliza maswali mawili: sifa ya lang ipo? Ndiyo. Thamani yake ni msimbo halali wa lugha? Ndiyo, "en" ni halali. Ikafaulu. Hakikuuliza swali la tatu, ambalo mtoto wa darasa la pili angelijibu: je, haya maandishi ni ya Kiingereza?

Kwenye picha ni vilevile. Chombo kiliuliza kama picha ina sifa ya alt, yale maandishi mbadala. Ilikuwa nayo: "tangazo1". Ikafaulu. Na kuhusu fomu inayojifunga, chombo hakikai dakika zote hizo kusubiri kuona kitakachotokea.

Angalia jambo la ajabu hapa. Kama mtengenezaji angesahau kabisa kuandika lugha, chombo kingemkamata. Kwa kuwa aliandika lugha isiyo ya kweli, kilimpa alama. Tovuti iliyonyamaza inaadhibiwa, tovuti iliyodanganya inasifiwa.

Si mimi niliyeligundua hili. Mwaka 2017 watu wa huduma za kidijitali za serikali ya Uingereza walitengeneza kwa makusudi ukurasa mmoja wenye kasoro zaidi ya mia moja za ufikivu, wakavipa vyombo kumi vya kupimia viukague. Hakuna chombo kilichokamata hata nusu, na zaidi ya robo ya kasoro hazikuonwa na chombo chochote. Mwaka 2019 mtengenezaji wa tovuti Manuel Matuzović alifanya kinyume chake: alijenga ukurasa ambao karibu hakuna mtu anayeweza kuutumia, na bado ukapata alama zote za ufikivu kwenye Lighthouse.

Tusiwaonee waliotengeneza vyombo hivi. Vinakamata makosa mengi ya kweli, na vingetumika zaidi tungekuwa na nafuu. Shirika la WebAIM la Marekani kila mwaka linapima kwa mashine kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja. Mwaka 2025 asilimia 94.8 zilikuwa na angalau kosa moja ambalo hata mashine inaliona, kwa wastani wa makosa 51 kwa ukurasa. Asilimia 15.8 hazikutaja lugha kabisa.

Lakini itazame hiyo 15.8 kwa jicho letu. Inahesabu kurasa zilizonyamaza. Ukurasa wa Kiswahili unaojiita wa Kiingereza haumo. Umehesabiwa upande wa waliofaulu. Kosa letu kubwa halionekani kwenye takwimu za dunia kwa sababu takwimu za dunia zinakusanywa na mashine ileile.

Kiwango chenyewe, kwa haki, hakijawahi kudai kwamba mashine inatosha. Kimeandikwa wazi kwamba upimaji unahitaji mashine na binadamu pamoja. Ninachokilaumu ni kwamba kimeandikwa kama mkataba wa bima, kwa Kiingereza kizito, kiasi kwamba mtengenezaji mwenye haraka anakikimbia na kuikimbilia alama. Alama ni rahisi kuiweka kwenye ripoti. Mwenye fedha anauliza "tumepata ngapi?", anajibiwa 97, anafurahi.

Wapo pia wanaouza njia ya mkato. Wanakuambia bandika mstari mmoja wa programu yao, akili mnemba itaitengeneza tovuti yako yenyewe. Mwaka 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni ya accessiBe ilipe dola milioni moja kwa madai yake kuhusu chombo cha namna hiyo. Kinachoniuma ni kwamba mstari mmoja unaosaidia kweli upo, na ni bure: lang="sw".

Kosa linatoka wapi

Sidhani kuna aliyekaa akaamua kuwatesa wasioona. Kosa hili linaingia kimyakimya.

Wengi wetu tunaandika tovuti kwa kutumia VS Code. Ukifungua faili jipya la HTML, ukaandika alama ya mshangao na kubonyeza Tab, kiunzi chote cha ukurasa kinajitokeza. Ni raha sana. Ila kiunzi hicho kinakuja na lang="en" tayari. Mwanafunzi anajaza Kiswahili chake katikati na hagusi mstari wa juu, kwa sababu mwalimu naye hakuugusa.

Kwenye WordPress njia ni nyingine. Lugha inayotangazwa kwa wasomaji inafuata lugha ya tovuti iliyochaguliwa kwenye mipangilio. Msimamizi amezoea vitufe vyake kwa Kiingereza, kwa hiyo anaacha Kiingereza. Matokeo yake makala zote za Kiswahili zinatoka na lang="en-US". Na si lazima iwe hivyo: tangu mwishoni mwa 2016, msimamizi anaweza kuwa na lugha yake ndani na tovuti ikawa na yake nje.

Yaani tumekopa kiunzi kilichotengenezwa na watu wanaodhani ukurasa wa kawaida ni wa Kiingereza, na hatukusoma kilichoandikwa mlangoni.

Utetezi ninaousikia

"Sisi tunachanganya lugha, sasa tutaje ipi?" Swali zuri. Taja lugha kuu ya ukurasa. Ukiwa na aya nzima au nukuu ya lugha nyingine, iwekee lang yake hapohapo. Hilo ni sharti 3.1.2, ngazi AA. Majina ya watu, istilahi za kitaalamu na maneno ya kigeni yaliyokwisha kuzoeleka hayahitaji. Hakuna anayekutaka uweke alama kwenye kila "laptopu".

"Wasioona ni wachache, sisi tunaangalia wengi." Sawa, ila ile picha ya tangazo hawaikosi wasioona peke yao. Ukiifungua kwenye simu ndogo lazima uivute huku na huku. Inakula bando kuliko maandishi. Huwezi kunakili namba ya akaunti kutoka ndani yake, na ukitafuta neno kwenye ukurasa kivinjari hakilioni. Fomu inayojifunga nayo humfungia kila mtu mwenye mtandao wa kusuasua.

Na hata kama wangekuwa wachache, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya Kenya. Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja ufikivu wa habari na mawasiliano, na intaneti imo kwa jina. Hivyo tunazungumzia ahadi iliyotiwa saini.

"Hakuna aliyelalamika." Atalalamikaje? Fomu ya malalamiko nayo iko kwenye tovuti ileile.

Tulipojikagua sisi

Kabla ya kupandisha makala hii nilifungua msimbo wa blogu yetu wenyewe. Nilikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wangu ulikuwa wa haki. Mstari wa kwanza: lang="en-US". Kwa miaka yote ambayo tumekuwa tukijisifu kwamba tunaileta sayansi kwa Kiswahili, tulikuwa tunaileta kwa Kiswahili kwa wanaoona tu. Kwa wengine tulikuwa tunaongea kama yule mtalii.

Tumebadilisha. Ilichukua dakika tano, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kutafuta neno la siri la msimamizi. Picha za zamani ni kazi nyingine: michoro yetu mingi haina maandishi mbadala, au ina jina la faili tu. Tumegawana makala, kila mwandishi anaandika maelezo ya michoro yake. Hatujamaliza, kwa hiyo ukikutana na grafu inayojiita "IMG" na tarakimu nyingi, ni yetu, tudai.

Wewe nawe ukiwa na tovuti ya idara, ya kikundi, ya biashara ya shangazi, fanya mambo matatu leo. Moja, ukiwa kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na U, tazama lang imeandikwaje juu kabisa. Mbili, weka kipanya pembeni, jaribu kujaza fomu yako kwa Tab na Enter pekee, kisha iache katikati, nenda kanywe chai, urudi uone kama kazi yako bado ipo. Tatu, washa TalkBack kwenye simu, fumba macho, na ujaribu kufanya jambo moja ambalo tovuti hiyo ilitengenezwa kulifanya. Usiishie ukurasa wa mwanzo. Nenda mpaka mwisho, mpaka kitufe cha kutuma. Ukikwama, hiyo ndiyo alama yako, hata kama Lighthouse imekupa 100. Na kama kuna mtu asiyeona anayeitumia tovuti hiyo, muulize yeye, na umlipe kwa muda wake kama unavyomlipa mtu wa kuchora nembo.

Nilimtumia rafiki yangu kiungo cha blogu baada ya kubadilisha. Alisikiliza makala mbili za zamani, akanitumia ujumbe wa sauti: "Sasa inaongea. Ila ile grafu ya malaria bado imekaa kimya." Kuhusu ufadhili, tuliandikia ile taasisi, tukawaeleza mambo yote matatu na namna ya kuyarekebisha. Lugha wameibadilisha. Muda wa fomu bado, na dirisha la maombi linafunguliwa tena mwaka huu. Safari hii anataka kujaza mwenyewe.

Ukikagua tovuti yako tuandikie hapo chini umekuta nini kwenye mstari wa juu. Hatutakucheka, tumeshajicheka wenyewe.